Wikendi ya Kikapu Kigali: Maswali ya Wasomaji wa Kigoma na Tabora

Ratiba ya Ligi ya Kikapu Afrika, maarufu kama BAL, ikitoka, wapenzi wa kikapu wa magharibi ya nchi huanza kupiga hesabu ya Kigali, maana kwao Kigali iko karibu kuliko Dar es Salaam. Safari hii wengi walioandika ni wanandoa wanaotaka kwenda wawili, bila watoto, kwa siku chache.

Swali: Mimi na mume wangu tunaishi Mwanga, Kigoma. Tunataka kutoka Jumamosi alfajiri, tuangalie mechi ya jioni, turudi Jumapili. Tumeambiwa njia fupi ni kupitia Manyovu na Bujumbura. Inawezekana?

Jibu: Kwenye ramani ni fupi kweli, ila msiipange. Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024. Mkipita Manyovu mtafika Bujumbura, kisha mtakwama hapo. Njia yenu ni Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, Lusahunga, Benako, halafu daraja la Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Kutoka Rusumo hadi Kigali ni kama kilomita 160, mkipita Kirehe, Kibungo, Kayonza na Rwamagana. Ukijumlisha yote ni karibu kilomita 600, kuna kubadilisha gari njiani, na kuna mpaka katikati. Jumamosi peke yake haitoshi.

Pangeni kwa kuanzia saa ya mechi na kurudi nyuma. Mechi ikiwa Jumamosi jioni, tokeni Kigoma Ijumaa alfajiri kwa basi la Kahama au Mwanza, mshuke Nyakanazi, mchukue Hiace au mchomoko (gari dogo la abiria) wa kwenda Benako na Rusumo. Giza likiwakuta Benako, laleni hapo. Nyumba za wageni zipo nyingi kwa sababu ya madereva wa malori. Jumamosi asubuhi vukeni, na mchana mtakuwa Kigali mmeoga na mmekula. Kurudi, ondokeni Jumapili alfajiri, lakini kazini ombeni ruhusa ya Jumatatu. Mkichelewa basi la Nyakanazi, siku imekwisha.

Mambo mawili huharibu mpango huu. La kwanza ni saa. Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Tiketi iliyoandikwa 18:00 ni saa 12 jioni ya Kigali, yaani saa 1 usiku ya Kigoma. Wakati wa kwenda mnapata saa moja ya bure, na wakati wa kurudi mnaipoteza palepale darajani. Ukiondoka Kigali saa 12 asubuhi, Nyakanazi tayari ni saa 1, na mabasi hayakusubiri. Simu nayo inaweza kukamata mtandao wa upande wa pili mkiwa bado Rusumo na kubadili saa yenyewe, kwa hiyo mmoja wenu avae saa ya mkono isiyobadilika.

La pili ni Umuganda, kazi ya pamoja ya Wanyarwanda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi kwa saa zao. Muda huo maduka hufungwa na usafiri wa umma husimama. Mliolala Benako mkivuka asubuhi ya siku hiyo mtakaa tu upande wa pili mpaka saa 6 mchana ya Tanzania. Ikiangukia tarehe yenu, jitahidini mlale Kigali Ijumaa, hata kama ni kufika usiku mnene.

Swali: Fainali huwa Kigali kila mwaka? Tunataka kuweka akiba mapema. (Kibondo)

Jibu: Hapana. Fainali zilichezwa Kigali kuanzia msimu wa kwanza, 2021, hadi 2024, lakini za 2025 zilikwenda Pretoria. Mechi za makundi nazo hugawanywa katika miji tofauti. Akiba wekeni, ila tiketi na chumba visilipiwe kabla ya ratiba rasmi kutoka. Siku ambayo timu ya nyumbani kama APR inacheza, ukumbi wa BK Arena, wenye nafasi ya watu 10,000, hujaa upesi. Kama hamna timu mnayoishabikia, chagueni siku nyingine na mtapata viti vizuri zaidi.

Swali: Kitambulisho cha NIDA kinatosha kuvuka Rusumo? (Ujiji)

Jibu: Hakitoshi. Utaratibu wa kusafiri kwa kitambulisho cha taifa ni wa Kenya, Uganda na Rwanda. Mtanzania anahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Viza hatuhitaji. Bebeni pia kadi ya homa ya manjano. Chanjo hiyo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na ukishachanjwa inadumu maisha yako yote.

Pale Rusumo, ukaguzi wa nchi zote mbili hufanyika kwenye jengo moja, upande wa nchi unayoingia. Mkienda, muhuri wa kutoka Tanzania mtagongewa ng'ambo ya daraja. Msipoteze muda kutafuta dirisha upande wetu.

Swali: Sisi tuko Kanyenye, Tabora, na tuna gari dogo. Tuliendeshe hadi Kigali?

Jibu: Mnaweza. Piteni Nzega, Kahama, Runzewe na Nyakanazi. Kadi halisi ya gari iwepo, na kama si lenu, barua ya mwenye nalo. Bima ya ndani haifanyi kazi Rwanda. Mwombeni wakala wenu kadi ya njano, yaani bima ya gari ya kuvukia mipaka, ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), ambayo Tanzania inaitumia ingawa si mwanachama.

Ukivuka daraja unahamia kulia. Usukani wa gari letu uko kulia pia, kwa hiyo dereva anakuwa kwenye ukingo wa barabara na haoni kinachokuja mbele ya lori analotaka kulipita. Anayeona ni aliyekaa kushoto. Kubalianeni maneno mawili tu, "bado" na "pita", na asiposema "pita" msipite. Hatari zaidi ni asubuhi mnapotoka kituo cha mafuta barabara ikiwa tupu, kwa sababu mkono hurudi kushoto wenyewe. Kamera za mwendo ni nyingi, na faini ni za kweli.

Swali: Mume wangu ananisindikiza tu, kikapu hakijui. Nimkalishe wapi, na aangalie nini? (Kasulu)

Jibu: Kaeni ubavuni mwa uwanja, katikati, safu za juu kidogo. Ukiwa nyuma ya kikapu unaona danki, yaani mpira ukipigiliwa kikapuni kwa mkono, vizuri, ila umbali wa mitupo ya pointi tatu haukuelei, na timu hubadilishana upande baada ya mapumziko.

Mechi ni robo nne za dakika 10, lakini saa husimama kila filimbi inapolia, ndiyo maana huchukua muda wa karibu saa mbili. Mwanzoni asihangaike kufuata mpira. Aangalie saa ndogo iliyo juu ya kikapu: timu ina sekunde 24 za kutupa. Mpira ukigusa chuma na washambuliaji wenyewe wakaudaka, saa hurudishwa kwenye sekunde 14. Akiizoea saa hiyo ataelewa kwa nini kocha anapiga kelele.

Kisha mweleze faulo. Mchezaji akifikisha tano anatoka moja kwa moja. Timu nayo, kuanzia faulo ya tano katika robo, inawapa wapinzani mitupo huru miwili, kila mmoja pointi moja. Hapo ndipo lilipo jibu la swali ambalo atakuuliza dakika ya mwisho: kwa nini timu iliyo nyuma inawashika wenzao makusudi? Wanasimamisha saa, wanakubali hatari ya pointi mbili, na wanaupata mpira tena. Dakika moja ya namna hiyo inaweza kuchukua robo saa, na ndiyo tamu kuliko zote. Msiondoke kuwahi usafiri.

Swali: Tukitoka ukumbini usiku tunapanda nini? (Tabora)

Jibu: Pikipiki za Kigali hubeba abiria mmoja, na kofia ngumu ni lazima. Mshikaki haupo kabisa, kwa hiyo ni pikipiki mbili au teksi moja. Ukumbi uko Remera, upande wa mashariki, na basi linalotoka Rusumo hupita huko kabla ya kufika stendi ya Nyabugogo. Tafuteni chumba Remera, mteremke Giporoso. Mtakwenda na kurudi kwa miguu, na usiku mtawapita waliopanga foleni ya teksi. Faranga za siku ya kwanza badilisheni mpakani, mzihesabu kabla hamjatoa shilingi zenu. Zilizobaki badilisheni mjini.