Kuhusu "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka"

Asalaam alaykum ndugu yangu. Umesema ulimwambia ami yako methali hii alipokataa kupanda boti kwenda Unguja, naye akanuna, na hujui kosa liko wapi.

Kwanza tazama hilo neno ung'ongo. Ni ukanda mwembamba wa jani, wa kufungia au kusukia. Kwetu Pemba, nyumba ambayo kina mama wanasuka mikeka, hukosi kuukuta sakafuni. Magharibi, taa hazijawashwa, umejikunja pale chini kama nyoka hasa. Lakini si nyoka, na hapo ndipo penye uzito. Ukimwambia mtu methali hii usoni, umemwambia pia kwamba anachokiogopa hakina sumu. Kwa mtu mzima aliyewahi kupata msukosuko baharini, hilo linachoma.

Mimi nilifanya hivyo hivyo kwa mama yangu. Alishatapeliwa kiwanja, basi kila karatasi anataka asomewe mara tatu. Nilimtupia methali nikicheka. Akanyamaza siku nzima, na mpaka leo naona haya.

Tangu hapo naitumia kwa nafsi yangu, ninapoeleza kwa nini nasita, au ninapomtetea mtu asiyekuwepo: "Msimlaumu, aliyeumwa na nyoka..." Huwa naishia hapo, wenzangu wanamalizia wenyewe.

Wewe nenda kamwombe radhi ami yako, kisha muulize siku ile baharini ilikuwaje. Msikilize mpaka amalize. Habari ya safari iache kwanza.