Shingo Isiyopona: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Fiziotherapia

SWALI: Ndugu mtaalamu, mimi ni fundi cherehani na nimeumwa shingo kwa mwaka mmoja na miezi minne sasa. Maumivu huanzia chini ya kisogo na kushuka hadi begani, na jioni huwa makali zaidi. Nimehudhuria fiziotherapia mara tisa. Kila mara hulazwa kitandani, nikawekewa joto, nikafungwa mashine ya umeme, kisha nikakandwa. Siku hiyo na kesho yake huwa mzima kabisa, lakini siku ya tatu maumivu hurudi kama yalivyokuwa. Picha ya MRI ilionyesha kuwa diski mbili, yaani ile mito laini iliyo kati ya pingili za shingo, zimechakaa na kutokeza nje. Je, fiziotherapia haifai kwa ugonjwa wangu, au nahitaji kuongezewa siku? Na kama diski zimechakaa, mazoezi hayatazimaliza?

JIBU: Dada yangu, niseme mapema kwamba sioni kosa lolote katika nafuu yako ya siku mbili. Joto, kukandwa na mashine ya kusisimua mishipa ya fahamu kwa umeme hufanya kazi hiyohiyo uliyoiona: hupunguza maumivu kwa saa kadhaa au siku moja mbili, hulegeza misuli iliyokaza, kisha athari yake hufifia. Kosa liko katika kuishia hapo. Mara tisa umefanyiwa tiba, lakini kwa maelezo yako hujafundishwa hata mara moja jambo la kufanya mwenyewe. Ukiongezewa siku kumi nyingine za namna hiyo, utapata nafuu nyingine kumi za siku mbilimbili.

Kuhusu picha, naelewa hofu yako, kwa kuwa neno "zimechakaa" linatisha kuliko jambo lenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya picha za MRI za shingo za watu 1,211 ambao hawakuwa na dalili zozote, na karibu asilimia 88 kati yao walikuwa na diski zilizotokeza. Mabadiliko hayo huongezeka kadiri umri unavyosonga, kama mvi. Ndiyo sababu mtaalamu makini hasomi picha peke yake. Huilinganisha na mahali unapoumwa, nguvu za mikono yako, hisia za vidole vyako na namna shingo inavyogeuka. Ikiwa hakuna ganzi, udhaifu wala maumivu yanayoteremka mkononi, diski hizo huenda hazihusiki sana na yale unayoyasikia jioni.

Maumivu ya shingo yakizidi miezi mitatu huitwa sugu, na kuanzia hapo mambo mawili huhitaji kushughulikiwa kwa pamoja. La kwanza ni kwamba mfumo wa fahamu huwa mwepesi kupiga kelele: mguso au mkao ambao zamani usingekusumbua sasa huhesabiwa kuwa hatari. La pili liko kwenye misuli. Shingo ina pingili saba, na mbele yake, ndani kabisa karibu na mfupa, kuna misuli midogo ambayo kazi yake ni kuzishikilia pingili hizo zisiyumbe. Kwa watu wengi wenye maumivu sugu misuli hiyo hulegea na kuchelewa kuitika, na ile mikubwa ya juujuu, ya pembeni mwa shingo na ya mabegani, hubeba mzigo wote. Hiyo mikubwa ndiyo unayokandwa. Inauma kwa sababu inafanya kazi isiyo yake.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ambalo ningependa ulifanye ni dogo kiasi cha kuchekesha. Lala chali, weka taulo jembamba lililokunjwa chini ya kichwa, kisha itikia "ndiyo" kwa kidevu taratibu, kana kwamba hutaki mtu akuone, bila kunyanyua kichwa. Weka vidole pembeni mwa koo: ukihisi misuli mikubwa inakaza kama kamba, umetumia nguvu nyingi mno, punguza. Shikilia kwa sekunde 10, pumzika, rudia hadi mara 10. Wengi hushindwa kufika mara tano wiki ya kwanza, na hiyo yenyewe ni habari muhimu kwa mtaalamu wako.

Baada ya wiki chache, mazoezi hayo madogo hayatoshi, na hapa ndipo naona wagonjwa wengi wakidekezwa. Shingo na mabega yanahitaji kutiwa nguvu kwelikweli, kwa mkanda wa mpira au uzani. Nchini Finland, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, wanawake 180 wafanyakazi wa ofisini wenye maumivu sugu ya shingo walifuatiliwa kwa miezi 12. Waliofanya mazoezi ya nguvu au ya ustahimilivu wa misuli ya shingo walipata nafuu kubwa kuliko wenzao walioshauriwa kujinyoosha na kufanya mazoezi ya kawaida ya mwili. Tena si lazima yachukue muda mrefu. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2011 ulihusisha watu 198, na baadhi yao walipewa kazi ya kunyanyua mikono pembeni dhidi ya mkanda wa mpira, siku tano kwa wiki kwa wiki 10. Waliofanya dakika mbili tu kwa siku walipungukiwa na maumivu, kama walivyopungukiwa waliofanya dakika 12. Fundi asiyepata dakika mbili kati ya nguo moja na nyingine ni nadra.

Je, mazoezi yatamaliza diski? Hapana. Yataongeza maumivu kidogo mwanzoni, na hilo lisikutoroshe. Kipimo ninachowapa wagonjwa ni hiki: maumivu yakiongezeka wakati wa zoezi kisha yakarudi katika hali yake kabla ya kesho asubuhi, endelea vilevile, yakidumu zaidi ya siku nzima, punguza mkanda au idadi ya marudio, lakini usiache. Usitegemee hukumu kabla ya wiki 6, na mara nyingi ni 12.

Mikono ya mtaalamu bado ina nafasi yake. Kusogezwa kwa viungo vya shingo na vya mgongo wa juu taratibu, kukiunganishwa na mazoezi, kwa kawaida huleta matokeo mazuri kuliko kimoja peke yake, kwa sababu ile saa ya nafuu ndiyo saa ya kufanya zoezi ambalo jana lilikushinda. Mwombe mtaalamu wako agawe muda hivyo. Mashine ya mawimbi ya sauti ningeiacha. Ushahidi wake kwa shingo ni hafifu. Na kwenye cherehani, usitafute mkao mmoja mkamilifu. Inua kazi karibu na macho iwezekanavyo, na simama kabla shingo haijakukumbusha.

SWALI: Mama yangu ana miaka 68 na huvaa kola ya shingo usiku na mchana kwa mwezi wa tatu sasa, kwa sababu ya maumivu yanayoshuka hadi kwenye vidole. Siku hizi anaangusha vikombe, hawezi kufunga vifungo vya nguo, na anatembea akiyumba. Jirani ametushauri tumpeleke akavutwe shingo. Je, inafaa?

JIBU: Usimpeleke. Mpeleke hospitali kwa daktari wiki hii, wala usisubiri miadi ya fiziotherapia. Mikono kupoteza ustadi na miguu kuyumba kwa mtu mwenye tatizo la shingo ni dalili zinazoweza kumaanisha kwamba ugwe wa fahamu wenyewe, ule unaopita ndani ya uti wa mgongo, umebanwa. Akianza kushindwa kuzuia haja au miguu ikaishiwa nguvu, mpeleke siku hiyohiyo. Hali hii huhitaji picha na maamuzi ya upasuaji, na kuchelewa kunaweza kuacha ulemavu usiorudi nyuma.

Kuvuta shingo hutumiwa wakati mwingine kwa mtu ambaye mshipa mmoja wa fahamu umebanwa unapotoka kwenye pingili, lakini hufanywa baada ya uchunguzi, na kamwe si kwa mtu mwenye dalili za mama yako. Kuhusu kola, ikivaliwa wiki chache maumivu ya mkono yakiwa mapya na makali huweza kusaidia. Ikivaliwa miezi mitatu hudhoofisha misuli ileile tunayoihitaji. Hata hivyo asiivue kwa ghafla sasa. Daktari atakayemwona ndiye aamue.

SWALI: Kila asubuhi hushika kidevu na kuvunja shingo hadi ilie. Nikikosa, siku nzima nahisi imekaza. Kuna ubaya?

JIBU: Mlio huo si mfupa kuvunjika, ni gesi iliyomo katika ute wa kiungo. Nafuu yake ni ya muda mfupi, ndiyo maana unairudia kesho. Shingo ikilia yenyewe unapogeuka, iache. Kuipinda kwa nguvu za mikono ndiko kunakonitia shaka, kwa kuwa huwezi kuchagua kiungo kipi kisogee, na mara nyingi husogea kile ambacho tayari ni chepesi. Jaribu kwa wiki mbili kugeuza kichwa polepole kulia na kushoto hadi mwisho wake, mara 10 kila upande, kisha uone kama hamu ya kuivunja shingo imebaki.

Kuna jambo moja nadra ambalo halipaswi kukupita, uwe unajivunja mwenyewe au unavunjwa na mtaalamu: mshipa wa damu wa shingo unaweza kuchanika ndani. Ukipata maumivu ya ghafla ya shingo au kichwa ambayo hujawahi kuyapata, ukaona vitu viwiliviwili, ulimi ukawa mzito, uso ukapinda upande mmoja au ukapoteza mizani, usilale ukingoja yapoe. Nenda hospitali saa hiyohiyo, na umwambie daktari kwamba shingo ilipindwa.