Ruta ipimwe kwa pakiti, si kwa giga za kwenye boksi

Hapa Kigoma nafunga mitandao ya nyumba za wageni na maofisi, nyingi zikiwa Mwanga. Swali la wateja ni lilelile: "Hii ruta ina giga ngapi?" Mimi nawashauri waulize inapitisha pakiti (vipande vya data) ngapi kwa sekunde.

Kinachoichosha ruta ni idadi ya pakiti kuliko ukubwa wake. Kila moja, hata iwe ndogo vipi, lazima isomwe anwani, itafutiwe njia, ikaguliwe na faiawoli. Laini ya gigabiti 1 ikijaa fremu (pakiti jinsi inavyosafiri kwenye waya) za baiti 1518 hubeba takribani 81,274 kwa sekunde. Ikijaa fremu za baiti 64 zinakuwa 1,488,095. Waya uleule, kazi mara 18! Na simu za intaneti hutumia pakiti ndogo: ya G.711 (mfumo wa kubeba sauti) kwa kawaida ni baiti 200 tu, moja kila milisekunde 20.

Wengi hupima kwa iperf3 (programu ya kupima kasi) kupitia TCP, utaratibu wa kawaida wa kutuma data. Hiyo inajaza pakiti kubwa, kwa hiyo haikuonyeshi ruta inapoelemewa. Mimi natumia pktgen, programu ya kutuma pakiti iliyomo ndani ya Linux: kompyuta moja inatuma, nyingine inahesabu, ruta katikati. Kwanza ziunganishe zenyewe bila ruta, maana mtumaji akiwa dhaifu utailaumu ruta bure. Kisha fuata RFC 2544, mwongozo wa mwaka 1999 wa kupima vifaa vya mtandao: tafuta kasi ya juu kabisa ambayo hakuna fremu hata moja inayopotea, kila jaribio sekunde 60.

Sasa lililo muhimu zaidi. Pima ruta ikiwa na mipangilio utakayoitumia kweli: NAT (vifaa vingi kutumia anwani moja ya intaneti), faiawoli, na foleni za kugawia wageni bando. Ruta nyingi zina njia ya mkato inayokwepa prosesa. Ukiwasha foleni, njia hiyo mara nyingi hufungwa. Nimeshuhudia ruta nzuri ikishuka chini ya nusu kwa sababu hiyo tu.

Badilisha pia anwani na poti (namba za kutambulisha programu) za pakiti unazotuma. Mkondo mmoja, yaani pakiti zenye anwani na poti zilezile, mara nyingi huangukia kiini kimoja cha prosesa, vingine vikikaa bure, ilhali nyumba ya wageni iliyojaa ina mikondo maelfu. Na ukisasisha programu ya ruta, rudia vipimo kabla hujamkabidhi mteja.