Piano imeharibika, au ni masikio yangu?

SWALI: Jambo sana, Mzee. Mimi naongoza korali hapa Kadutu. Mtoto wa dada yangu alinisikilizisha kwenye simu piano ya mtu wa Ucheki, Alois Hába. Nilidhani spika imeungua. Akaniambia hapana, Mjomba, imeandikwa hivyo hivyo, tena huyo alikuwa profesa. Mzee, hii si fo tupu, sauti zisizolingana? Mtu wa namna hiyo alikula nini? Na shida yangu nyingine: kuna mama wa sauti ya kwanza ambaye kila mara anakaa chini kidogo ya kinanda. Sasa mtoto anamtetea, anasema huyo mama ni Hába wetu.
*Mwalimu wa korali, Kadutu, Bukavu*

JIBU: Ndugu mwalimu, spika ni nzima. Masikio yako nayo ni mazima, maana yamesikia kitu kilichopo kweli: sauti zinazokaa kati ya kibonyezo kimoja na kingine.

Chukua gita. Bonyeza uzi wa pili, piga, halafu sukuma uzi pembeni polepole bila kuhamisha kidole. Sauti inapanda. Kabla haijaifikia nusu-toni inayofuata, yaani hatua ya kibonyezo kimoja, simama katikati ya njia. Hapo ndipo Hába alipopafanya kwake. Kinanda chako kinaigawa oktava, yaani kutoka do hadi do ya juu yake, mara 12, yeye aliigawa mara 24. Hiyo ndiyo robo-toni. Baadaye akaingia kwenye sehemu za sita za toni, sauti 36 katika oktava moja, na huko, nisikufiche, mimi nachoka mapema.

Usidhani aliyaokota haya vitabuni. Alizaliwa mwaka 1893 Vizovice, mji mdogo wa Moravia, upande wa mashariki wa Ucheki. Baba yake alikuwa mpiga muziki wa kienyeji, na kijana alipiga kwenye bendi ya familia. Waimbaji wa kwao hawakuwa na habari na kinanda. Waliteleza kati ya sauti walivyotaka. Mimi nilimwona babu yangu kule Kabare akikaza lulanga yake, ala yetu ya nyuzi. Alivuta uzi, akainamisha sikio, akanong'ona mstari mmoja wa wimbo, akavuta tena kidogo sana. Nilipokuja kusoma solfa nilijaribu kuziita nyuzi zile do, re, mi. Mbili zilikataa jina. Kwa miaka mingi niliona aibu kwa niaba ya babu.

Hába alisomea kwanza ualimu, kama wewe. Kisha Praha kwa Vítězslav Novák, akachukuliwa jeshini wakati wa Vita ya Kwanza, halafu Vienna na Berlin kwa Franz Schreker. Mwaka 1920 akaandika kuarteti yake ya pili ya nyuzi, yaani muziki wa ala nne za nyuzi, yote kwa robo-toni. Violini haina shida, kidole kinakwenda popote. Piano ndiyo ilimfunga mikono. Basi kampuni ya August Förster ikamtengenezea piano yenye safu tatu za vibonyezo, zimepandana kama ngazi, ya katikati ikiwa imehama kwa robo-toni. Hiyo ndiyo mtoto alikusikilizisha. Akatengenezewa na klarineti, na tarumbeta.

Umeuliza alikula nini. Alikula chaki! Alifundisha robo-toni kwenye konsevatuari, yaani chuo cha muziki, ya Praha tangu miaka ya 1920, na wanafunzi walimfuata kutoka mbali. Mmoja wao, Viktor Ullmann, alikuja akiwa tayari mtunzi mzima. Wanazi wakamwua Auschwitz mwaka 1944. Mwingine, Karel Ančerl, akawa kiongozi mkubwa wa okestra.

Kazi yake kubwa ni opera *Matka*, yaani Mama, iliyoonyeshwa Munich tarehe 17 Mei 1931, Hermann Scherchen akiongoza. Hakuna wafalme humo. Ni mkulima mjane mwenye watoto, anaoa mke wa pili, na huyo mke ndiye anayebeba nyumba nzima. Ukitaka kumwelewa Hába anzia hapo, usianzie kwenye piano, kwa sababu mdomoni mwa mwimbaji robo-toni inafanana na mtu anayelalamika jikoni kwake.

Wakati wa Wanazi muziki wake haukutakiwa. Wakomunisti nao waliposhika nchi, hawakuupenda. Katikati ya Vita ya Pili ya Dunia alimaliza opera ya sehemu za sita za toni ambayo jina lake unaliimba kila Jumapili: *Ufalme Wako Uje*. Hakuiona jukwaani hadi anakufa, mwaka 1973, akiwa na miaka 80. Kuarteti aliacha 16, na ya mwisho ameigawa toni mara tano. Sijui kama alikuwa anatutania.

Sasa mama yako wa sauti ya kwanza. Mwaka jana niliitwa kwenye parokia moja hapa mjini, piano yao ilikuwa imelegea nyuzi mpaka sauti ya la ya katikati ikashuka karibu robo-toni. Niliipandisha, maana ile haikuchagua kushuka. Hába alichagua, akaandika alama, na kesho yake mwimbaji alirudi palepale. Kwa hiyo zima kinanda, mwambie mama aimbe mstari uleule mara tatu, wewe fuata kwa gita ukisukuma uzi. Akitua mahali patatu tofauti, ni mazoezi tu, mpe Jumanne na Alhamisi. Akitua palepale mara zote tatu, acha kinanda kizimwe, korali imfuate yeye, halafu uniandikie ilikuwaje.