Unaruhusiwa lini kuacha kutoza kodi ya mauzo ya jimbo? Majibu kwa wanaouza mtandaoni Marekani

Tarehe 21 Juni 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair. Tangu siku hiyo, jimbo linaweza kumtaka muuzaji akusanye kodi ya mauzo hata kama hana duka wala mfanyakazi humo. Ukubwa wa mauzo yake unatosha, yakivuka kiwango kilichowekwa na jimbo. Namna ya kujisajili wengi wanaijua. Maswali tunayopokea sasa ni ya kutoka.

Mwaka jana nilivuka kiwango cha dola 100,000 katika jimbo la Washington. Mwaka huu sitafika hata 40,000. Naweza kuacha leo?

Bado. Washington hupima mwaka huu au mwaka uliotangulia, kwa hiyo aliyevuka mwaka jana anaendelea kutoza hadi 31 Desemba mwaka huu. Tuseme ulivuka Agosti 2024: ulitakiwa kutoza miezi iliyobaki ya 2024 na mwaka 2025 wote. Kama 2025 iliisha chini ya kiwango, na huna mzigo wala mtu Washington, siku ya kwanza ya kuacha ni 1 Januari 2026.

Kosa kubwa ni kuichukua kanuni ya Washington ukaitumia kwingine. California nayo hutazama mwaka wa kalenda, huu au uliopita, lakini kiwango chake ni dola 500,000. Texas ina kiwango hichohicho, ila hupima miezi 12 iliyopita, na dirisha hilo husogea kila mwezi. New York hutazama robo nne za kodi zilizopita (vipindi vinne vya miezi mitatu mitatu), nazo huanza kuhesabiwa Machi, si Januari. Tena inataka mambo mawili kwa pamoja, mauzo zaidi ya dola 500,000 na oda zaidi ya 100. Illinois hukutaka upime mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, ukirudi nyuma miezi 12, na ukikuta umevuka kiwango unatoza mwaka mzima kabla ya kupima upya. Pennsylvania hupima Januari hadi Desemba, kisha wajibu wenyewe huanza 1 Aprili mpaka 31 Machi ya mwaka unaofuata.

Kwa hiyo tengeneza jedwali la mauzo ya kila mwezi kwa kila jimbo, ukifuata anwani mzigo ulikopelekwa. Jumla ya mwaka peke yake haitakupa tarehe ya kutoka.

Nauza vikapu vya bei ndogo: oda nyingi, pesa kidogo. Kufutwa kwa kigezo cha oda 200 kunanihusu?

Kunakuhusu kuliko mtu mwingine yeyote. Kigezo hicho kilimtaka mwenye oda 200 atoze kodi hata kama pesa hazikufika kiwango. Vikapu 200 vya dola 30 ni dola 6,000 tu, na bado vilitosha kukuingiza kwenye wajibu. South Dakota ilifuta kigezo hicho 1 Julai 2023, Indiana 1 Januari 2024, North Carolina 1 Julai 2024, Utah 1 Julai 2025. Lakini sheria ikibadilika haifungi akaunti yako ya kodi katika jimbo. Kodi ya kipindi cha nyuma bado ni deni, na ritani (taarifa za kodi unazowasilisha kila kipindi) zinaendelea kudaiwa mpaka wewe mwenyewe uombe kufungiwa.

Sasa nauza kupitia Amazon na Etsy tu, nao ndio wanaotoza. Nifunge akaunti zote?

Kwanza angalia kama jimbo linahesabu mauzo ya masoko hayo kwenye kiwango chako. Illinois hailihesabu soko. Washington inalihesabu, na juu ya hapo ina kodi ya mapato ghafi ya biashara ambayo Amazon haikulipii. Angalia pia aina ya mauzo: Florida huhesabu yale yanayotozwa kodi tu, California huingiza hata ya jumla kwa wanaonunua ili wauze tena. Na ankara unazotoa mwenyewe, nje ya soko, ni jukumu lako bado.

Mzigo wangu uko kwenye ghala la Amazon. Nikishuka chini ya kiwango nimetoka?

Hapana. Kwa kawaida mali iliyolala ndani ya jimbo ni uwepo wako humo, hata ikiwa boksi moja. Sitisha kupeleka mzigo mpya, agiza uliobaki uondolewe, kisha pakua ripoti inayoonyesha mzigo ghala kwa ghala. Amazon huhamisha bidhaa kati ya maghala bila kukuuliza, na kilichorudishwa na mteja kinaweza kuangukia jimbo jingine. Tarehe yenye uzito ni ile kitu cha mwisho kilipoondoka, na yapo majimbo ambako wajibu huendelea kwa muda hata baada ya hapo.

Nifunge kwa utaratibu gani?

Chagua mwisho wa kipindi cha ritani, si katikati. Endelea kutoza mpaka siku hiyo. Kesho yake zima jimbo hilo kwenye mfumo wa duka lako, kisha wasilisha ritani ya mwisho ukiweka alama kuwa ni ya mwisho, lipa kila kilichokusanywa, ndipo uombe kufunga usajili. Hifadhi uthibitisho wa maandishi, na kumbukumbu za mauzo kwa miaka yote ambayo jimbo hilo linataka.

Wengi huzima kutoza na kuacha akaunti wazi. Jimbo linasubiri ritani, halioni kitu, linakukadiria kodi na kuongeza faini. New York hutoza dola 50 kwa kuchelewesha hata ritani isiyo na kodi. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: usajili umefungwa lakini duka linaendelea kukata kodi. Kutoza bila usajili ni kuvunja sheria, na pesa hiyo si yako kamwe; lazima ifike serikalini.

Uliyejisajili kupitia Streamlined Sales Tax, mfumo wa pamoja wa majimbo 24, soma vizuri unachobonyeza ili usijiondoe na kule unakodaiwa bado.

Niko Arusha, sina kampuni Marekani. Haya yananigusa?

Ndiyo. Kinachotazamwa ni mzigo unakofika. Ushuru wa forodha ni jambo jingine kabisa.

Nimeshuka, ila msimu wa sikukuu huenda nikapanda tena. Nifunge?

Ukiwa karibu na kiwango, usifunge. Jimbo kwa kawaida humruhusu muuzaji aliyesajiliwa kuendelea kutoza kwa hiari, na ritani ya sifuri ni kazi ya dakika chache. Funga pale ambapo hata msimu mzuri hautakufikisha nusu ya kiwango.