Maswali ya Wasomaji: Mchicha wa Nafaka Upi Una Lishe Zaidi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninalima mchicha wa nafaka na nimekusanya majedwali matatu ya lishe. La kwanza linasema mbegu zina gramu 13.6 za protini katika kila gramu 100, la pili linasema 15.3 na la tatu 16.3. Je, niache mbegu niliyo nayo nikatafute hiyo ya 16.3?

JIBU: Ndugu msomaji, usiache mbegu yako kwa sababu ya majedwali hayo kabla hujasoma maelezo madogo yanayoandikwa chini yake, kwa kuwa yote matatu yanaweza kuwa yanaieleza mbegu ileile.

Mbegu iliyokaushwa vizuri kwa ajili ya ghala bado hubaki na unyevu wa takriban asilimia 11. Jedwali linalopima mbegu jinsi ilivyo, pamoja na unyevu huo, litaandika 13.6; jedwali linaloyaondoa maji katika hesabu na kupima kitu kikavu peke yake litaandika 15.3, ingawa hakuna hata chembe moja ya protini iliyoongezeka. Kisha kuna jambo la pili, ambalo huwapotosha hata watu waliosoma. Kwa kawaida maabara haipimi protini yenyewe, bali hupima naitrojeni, elementi iliyomo ndani ya protini, na kuizidisha kwa kigezo maalumu. Kwa mchicha wa nafaka wengi hutumia 5.85, na wengine hutumia 6.25 ambacho ni kigezo cha jumla cha vyakula. Ikiwa ile 15.3 ilipatikana kwa 5.85, ukibadili kigezo tu utafika 16.3. Naona si haki kwa mkulima kuuziwa mbegu kwa sifa iliyotokana na kikokotoo, na ndiyo maana nalieleza jambo hili kwa urefu.

Sasa tuje kwenye aina zenyewe. Spishi zinazolimwa hasa kwa ajili ya mbegu ni tatu: Amaranthus cruentus na Amaranthus hypochondriacus, ambazo asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na Amaranthus caudatus iliyotoka katika milima ya Andes. Protini ya zote tatu huangukia takriban kati ya asilimia 13 na 18, na mafuta mara nyingi kati ya 6 na 9, kiasi kwamba viwango vyao huingiliana na ni vigumu kusema kwa uhakika kwamba spishi fulani imeishinda nyingine. Mara nyingi tofauti kati ya mbegu mbili za spishi moja, zilizolimwa katika mashamba mawili, huwa kubwa kuliko tofauti kati ya spishi na spishi. Shamba lenye naitrojeni ya kutosha hutoa mbegu yenye protini zaidi, na madini nayo hufuata udongo.

Jambo ambalo spishi zote tatu zinashirikiana ndilo ninalolithamini zaidi, nalo ni ubora wa protini. Katika kila gramu 100 za protini ya mchicha wa nafaka mna gramu 5 hadi 6 za laisini, mojawapo ya asidi amino (vijenzi vya protini) ambayo mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe. Katika protini ya mahindi au ngano hupatikana karibu nusu ya kiasi hicho. Mahindi, kwa upande wake, yana kwa wingi liusini, asidi amino nyingine ambayo katika mchicha si nyingi. Kwa hiyo unga wa mchicha uliochanganywa na wa mahindi huwa na protini iliyokamilika kuliko unga wa mahindi peke yake, na faida hiyo ni kubwa kuliko asilimia moja au mbili unazozifukuza katika majedwali.

Ikiwa ungependa kuchagua aina kwa sababu ya msingi, tazama wanga. Aina nyingi za A. hypochondriacus zina wanga ambao karibu wote ni amilopektini, yaani ule unaonata ukipikwa, ilhali katika spishi nyingine mbili hupatikana aina zinazonata na zisizonata. Hilo litabadilisha uzito wa uji wako na mshikamano wa mkate wako, lakini halitabadilisha sana lishe.

SWALI: Nimesoma kwamba gramu 100 za mbegu kavu zina gramu 13.6 za protini, lakini zikipikwa zinabaki 3.8 tu. Je, moto unaiharibu?

JIBU: Hapana. Mbegu zilizopikwa ni maji kwa takriban robo tatu ya uzito wake, hivyo katika gramu 100 za chakula hicho umekula karibu gramu 28 tu za mbegu. Moto unaostahili tahadhari ni ule mkavu na mkali: ukizikaanga mbegu ili zipasuke kama bisi, ziepue mara zinapopasuka, kwa maana zikiungua hupoteza sehemu ya ile laisini.

SWALI: Mchicha wangu wa mboga umetoa mbegu nyeusi. Je, zina madini ya chuma kuliko zile nyeupe?

JIBU: Rangi peke yake haikuelezi kiasi cha chuma. Mbegu nyeusi zinalika, ila ganda lake ni gumu zaidi, lina nyuzinyuzi nyingi na kwa kawaida hazipasuki vizuri zikikaangwa. Ndiyo sababu wakulima wa nafaka, kizazi baada ya kizazi, walichagua zile nyeupe. Nafaka hii kwa jumla ina takriban miligramu 7.6 za chuma na miligramu 159 za kalsiamu kwa gramu 100. Hata hivyo, pima kwa uangalifu kila tarakimu kubwa ya chuma unayoiona, kwa sababu mbegu hizi zina upana wa karibu milimita moja tu na vumbi la udongo likibaki kati yake hupandisha kipimo kwa chuma ambacho mwili haukifyonzi vizuri. Tena, mbegu za rangi zote zina asidi ya fitiki, kitu cha asili kinachokishika chuma mwili usikifyonze vizuri. Zipepete na kuzioshea katika kitambaa au chujio lenye matundu madogo sana, uziloweke usiku kucha au uziache zianze kuchipua kabla ya kuzipika, kisha uzile pamoja na tunda lenye vitamini C. Msomaji anayefanya hivyo kwa mbegu yoyote aliyo nayo atapata chuma kingi zaidi kuliko anayetafuta rangi.