Senga, mtoto wangu anajua Kiingereza lakini kwenye mtihani kalamu inagoma

"Senga, mimi ni mama wa watoto wanne huku Arua, Uganda. Mkubwa ana miaka 16, yuko S3, yaani kidato cha tatu, na mwaka jana daktari alituambia ana ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kushika umakini. Kiingereza anaongea kunishinda, jioni anatusimulia mambo ya steji ya boda mpaka tunalia kwa kucheka. Lakini mtihani wa Kiingereza ukija anakaa tu na karatasi. Muhula uliopita aliandika mistari mitatu kwa masaa mawili. Mwalimu anasema ni mvivu, baba yake anasema dawa ni kiboko, bibi anasema amerogwa. Mwaka kesho ni S4, mwaka wa mtihani wa taifa. Nifanye nini? – Mama aliyechoka, Arua."

Dada yangu wa Arua, pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu na kilichonishika ni hicho cha jioni, kwamba anawasimulia mpaka mnalia kwa kucheka. Basi hadithi anazo, na Kiingereza anacho. Kinachomshinda ni kuanza, na hapo kwenye kuanza ndipo ADHD inapombana mtu vibaya sana.

Wengi wanadhani ADHD ni utundu, mtoto wa kurukaruka kama panzi. Kijana wa miaka 16 saa zingine huoni kuruka kokote, amekaa kimya kabisa, ila kichwani mawazo kumi yanagombania mlango mmoja na hakuna linalopita. Anapata sentensi, kabla hajaiandika imeshapotea, anaanza kuitafuta, anasikia mwenzake anafungua ukurasa wa pili, woga unaingia, na woga ukishaingia basi imekwisha. Muda nao hausikii ukipita, dakika 5 na dakika 40 kwake ni sawasawa tu. Mwingine anafuta sentensi ya kwanza mara sita kwa sababu anataka itoke nzuri. Dada, mvivu hatoki jasho mbele ya karatasi tupu.

Kwa hiyo baba yake ongea naye taratibu mkiwa wawili, umwambie kiboko kinaongeza woga na woga ndio unaofunga kalamu. Shuleni pia viboko vimekatazwa na sheria ya watoto tangu 2016. Na bibi mwambie kwa heshima kwamba ADHD mara nyingi inatembea kwenye damu, pengine ukimuuliza vizuri atakukumbusha mjomba fulani ambaye shuleni alikuwa hivyo hivyo.

Sasa kazi yenyewe. Msimpe insha nzima ya kufanya mazoezi nyumbani, hapana, hiyo ni kumrudisha palepale panapomuumiza. Mfanyie mazoezi ya kuanza tu. Jioni akimaliza kusimulia, rekodi kwenye simu, kisha mwambie aisikilize na aandike dakika 10 kwa Kiingereza vile vile alivyosema, bila kufuta neno hata moja, na zikiisha dakika 10 anaacha hata kama yuko katikati ya sentensi. Neno la Kiingereza likimkimbia aliweke kwa Kiswahili au Kilugbara aendelee mbele, atalirekebisha baadaye. Mtoto wa dada yangu nilikaa naye hivyo likizo nzima, wiki ya kwanza alikuwa anaandika mistari minne na ananuna, ya tatu ikawa mimi ndio namwambia acha tukale. Usimsahihishe spelling hapo, nakuomba sana, mkono wako uzuie kabisa ile kalamu nyekundu.

Halafu awe na hadithi zake tatu au nne ambazo ameshaziandika mara nyingi mpaka mkono umezizoea, siku mvua ilifurisha barabara, siku boda ilizimika njiani na mbuzi amefungwa nyuma, siku mtu alipotelea sokoni. Simwambii akariri insha ya mtu, watahini wanaijua insha ya kukariri. Nasema awe na vitu vyake vya kweli ambavyo swali likija anavigeuza kidogo, maana kichwa kinachohangaika kuvumbua kitu kipya na huku saa inakimbia ndicho kinachoganda.

Ndani ya chumba cha mtihani mfundishe hivi. Maswali ya mtaala huu mpya yanakuja na maelezo marefu ya tukio halafu ndio kazi yenyewe, na mtoto wa ADHD anapotelea kwenye maelezo. Basi apige mstari vitu vitatu tu: mimi ni nani hapa, namwandikia nani, wanataka nini. Kama kuna barua au hotuba aanze nayo hiyo, kwa sababu barua ina anwani, ina tarehe, ina Dear Sir, hivyo vyote mkono unaandika wenyewe bila kufikiria na kalamu ikishatembea inaendelea kutembea. Ikiwa ni insha, si lazima aanze na mwanzo. Aruke mistari mitano juu, aanze na pale mbuzi alipokata kamba, mwanzo atarudi kuuweka. Na mnunulie saa ya mkononi ya mishale, simu haiingii mle ndani, awe ameandika pembeni saa ngapi anahamia swali lingine. Akiganda kabisa aandike hata "I am thinking about" mara tatu kwenye karatasi ya rafu kisha aikate. Inaonekana ujinga lakini inafungua.

Jambo la shule usilingojee mpaka S4 ianze. Chukua ripoti ya daktari, nenda kwa hedmasta mwenyewe, usimtume mtoto. UNEB, baraza la mitihani la Uganda, huwa inawaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalum, kawaida dakika 45, lakini ombi linapitia shuleni pamoja na karatasi za daktari wakati wa kusajili, mzazi akinyamaza shule nayo inanyamaza. Muulize wazi kama kijana wako ataombewa. Mwambie pia mwalimu wa Kiingereza amruhusu kueleza wazo lake kwa mdomo dakika mbili kabla hajaandika, hilo halina gharama yoyote. Na kijana mwenyewe kazi za darasani azichukulie kwa uzito, kwenye UCE ya sasa, huo mtihani wa taifa wa S4, zina asilimia 20, mtihani wa mwisho ni 80, kwa hiyo kuna alama anazoweza kuzikusanya bila ile saa ya ukutani kumtazama.

Kuhusu dawa mimi sisemi, hiyo rudi kwa daktari wenu, na mkipata safari ya Kampala, Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, wana huduma ya watoto na vijana, usiogope jina la pale.

Wewe pia umesema umechoka, na nimekusikia. Usibebe peke yako, dakika 10 za jioni wape zamu, leo wewe, kesho baba yake. Baba akikaa naye siku mbili tatu akaona mwenyewe mtoto anavyopigana na ule mstari wa kwanza, hilo neno la kiboko sidhani atalirudia.

Leo jioni anza na ile ya mbuzi. Ikishafika ukurasa mmoja nitumie, makosa yaache vile vile.